Nukta tuli, ramani za mashamba na nusu pikseli

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe ndiyo nataka kuisimulia leo. Naonya mapema kwamba hii ni posti ya mafundi. Kama ulikuja kutafuta habari za bando za bei nafuu, samahani, pita wiki ijayo. Lakini kama una shamba, au babako ana shamba, vumilia kidogo, maana katikati ya hesabu hizi kuna mipaka.

Nazungumzia fanksheni ndogo ndogo ambazo hakuna anayezitazama mara mbili. Zinakaa chini kabisa ya programu yoyote ya kuchora picha, mistari miwili mitatu kila moja, na zote zinasaidia kujibu swali moja: nikitaka kupaka pikseli hii ya skrini, nichote rangi kutoka pikseli gani ya bitimapu? Picha ikiwa na upana wa pikseli 100 na skrini ikiwa na pikseli 100, swali ni la kitoto. Picha ikiwa na 16,535 na skrini ikiwa na 1,280, kila hatua moja kwenye skrini ni hatua 12.918 kwenye picha. Unaangukia 12.918, kisha 25.836, kisha 38.754, na hakuna pikseli inayoitwa 38.754. Hapo ndipo fanksheni hizo zinapoitwa, mara milioni kadhaa kwa sekunde.

Tarakilishi ina njia mbili za kuhesabu vitu kama 38.754. Ya kwanza ni nukta inayoelea, ile float ambayo kila mtu hufundishwa chuoni. Ya pili ni nukta tuli. (Jina hilo nimelitunga mwenyewe; mwenye lingine bora alete.) Nukta tuli unaijua hata kama hujawahi kuisikia. Mwenye duka akiandika 1250 kwenye daftari lake akimaanisha shilingi 12 na senti 50, hiyo ni nukta tuli. Daftari lina nambari kamili tu. Nukta iko kichwani mwake, mahali pamoja daima, na ndiyo maana hajumlishi vibaya. Kwenye michoro tunafanya vivyo hivyo, ila pikseli yetu haina senti 100, ina senti 65,536. Biti 16 za juu ni pikseli nzima, biti 16 za chini ni sehemu yake. Moja ni 65536. Nusu ni 32768. Mbili na robo tatu ni 180224. Mtindo huu huandikwa 16.16, na mchezo wa Doom wa mwaka 1993 uliendeshwa kwa nambari za aina hii hii.

Mimi sikuingia huku kwa mapenzi. Mwaka 2005 nilikuwa naandika programu za simu kwa Java, na simu nyingi nilizokuwa nazo mezani zilifuata CLDC 1.0, toleo la mwaka 2000 ambalo halikuwa na float wala double kabisa. Si kwamba zilikuwa polepole, hazikuwepo. CLDC 1.1 ilikuja kuzirudisha mwaka 2003, lakini simu zilizokuwa mifukoni mwa watu hazikusubiri tangazo. Ukitaka kupunguza picha ili itoshe skrini ya pikseli 128, unaandika nukta tuli au unaacha kazi. Nikaandika. Baadaye, Android ilipotoka mwaka 2008 na msimbo wa Skia ukawa wazi kwa wote (Skia ni maktaba ya kuchora ambayo Google iliinunua mwaka 2005), nikaufungua nikakuta ndani yake ndugu wa fanksheni zangu, wamevaa vizuri zaidi. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.

Sasa turudi kwenye mashamba.

Mwaka 2019 mpima ardhi mmoja wa Murang'a, mzee ninayemheshimu sana, aliniita nimwangalizie tableti. Alikuwa amenunua programu ya kutazama ramani zilizoskaniwa, zile za usajili wa ardhi, ili asibebe makaratasi akienda uwanjani. Ramani zenyewe ziko katika skeli ya 1:2500. Mzee alikuwa ameziskani kwa nukta 600 kwa inchi, na karatasi yenye upana wa sentimita 70 ikatoa pikseli 16,535. Piga hesabu: pikseli moja ya skani hiyo ni kama sentimita 10.6 ardhini. Kiganja na vidole. Hakuna mtu wa kugombania kiganja, utasema. Hujafika Murang'a basi, ambako vipande vinateremka vyembamba kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, na ndugu wawili wamerithi ukanda wa mita 12 wakaugawa.

Mzee alinionyesha mambo mawili. La kwanza alilisema hivi: "Kijana, hii mashine inakula mashamba." Alikuwa ameunganisha karatasi mbili ubavu kwa ubavu, zikawa picha moja ya upana wa pikseli 33,070. Ukisogea hadi mwisho wa kulia, ramani inakatika ghafla na badala yake kunakuwa na michirizi mirefu ya mlalo, kama mtu amepaka wino kisha akaufuta kwa kitambaa. Mashamba ya upande ule hayapo.

Nilipoona 33,070 nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Biti 16 za juu zikibeba alama ya hasi na chanya, nambari kubwa kabisa wanayoweza kushika ni 32,767. Pikseli ya 32,768 haina mahali pa kukaa. Inafurika na kugeuka hasi 32,768. Halafu kuna fanksheni ya kubana, ile inayohakikisha hutoki nje ya picha: ikiona nambari hasi inasema "huyu yuko kushoto kabisa, mpe pikseli ya 0." Nayo inafanya kazi yake kwa uaminifu. Kwa hiyo safu zote 302 za mwisho zilipewa rangi ya safu ya kwanza ya karatasi ya kushoto, na ndiyo ile michirizi. Safu 302 ni mita 32 ardhini. Ploti mbili za hamsini kwa mia zinakaa hapo, zimepangwa ubavu kwa ubavu, na bado kuna njia ya kupitisha mkokoteni.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaosema nukta tuli ni ya kizamani. Si uzee wake ulioila ramani. Aliyeandika maktaba ile alikuwa na haki ya kuchagua 16.16. Alichokosa ni mstari mmoja unaokataa picha pana kuliko 32,767, kwa sauti, badala ya kuichora nusu na kunyamaza. Skia yenyewe ya miaka ile ilikuwa na ukuta wa karibu zaidi. Ilipokuwa inachanganya pikseli jirani, ilipakia kila kitu katika biti 32: biti 14 za pikseli ya kwanza, biti 4 za sehemu, biti 14 za pikseli ya pili. Biti 14 zinaishia 16,383. Karatasi moja tu ya mzee, kabla hata ya kuunganishwa, ingezidi kwa pikseli 151. Ukuta si aibu. Kila nyumba ina ukuta. Lakini mgeni aambiwe uko wapi kabla hajaugonga kwa paji la uso.

Jambo la pili lilikuwa la kimyakimya zaidi, na ndilo lililonikalisha usiku mbili. Mzee alikuwa amesoma bikoni moja akiwa amekuza ramani hadi pikseli kwa pikseli, kisha akasoma ya pili akiwa ameirudisha ramani yote kwenye skrini. Umbali kati yao ulipishana na futi yake ya mkanda kwa zaidi ya futi mbili. Akarudia. Ukapishana vilevile, upande uleule. Alikuwa amekwisha mwambia mmoja wa wale ndugu asubiri, asing'oe ua bado. Mtu anayesubiri kwa ua ana subira fupi.

Pikseli si nukta, ni kiraka. Kiraka namba 0 kinaanzia 0.0 na kuishia 1.0, na katikati yake ni 0.5. Hili ni jambo ambalo ukimwambia mtu anatikisa kichwa kukubali, kisha anaenda kuandika msimbo usiolijali. Ukitaka kujua pikseli ya skrini x inaangalia wapi kwenye picha, hupimi kutoka pembe ya kiraka, unapima kutoka katikati:

    tuli hatua = (tuli)(((int64_t)upana_picha << 16) / upana_skrini);
    tuli u = hatua / 2;            /* katikati ya kiraka cha kwanza */
    for (x = 0; x < upana_skrini; x++) {
        chota(u >> 16);
        u += hatua;
    }

Tofauti yote iko kwenye ule mstari wa pili. Upande wa kuchora wa programu ile ulianza na u = 0. Upande wa kusoma mguso, ambao bila shaka uliandikwa na mtu mwingine au siku nyingine, ulianza na nusu hatua. Kila mmoja peke yake anaeleweka. Pamoja wanadanganya. Ramani ikiwa imekuzwa pikseli kwa pikseli, nusu hatua ni nusu pikseli, sentimita 5. Ramani ikiwa imerudishwa nyuma yote, hatua ni 12.918 na nusu yake ni pikseli 6.46, sentimita 68. Toa 5 kwenye 68. Sentimita 63 ndizo zile futi mbili na ushee za mzee, na kwenye ukanda wa mita 12 hiyo ni zaidi ya sehemu moja kwa ishirini.

Mtu aliniuliza kama kidole chenyewe si kinene kuliko pikseli zote hizo. Ni kinene. Lakini programu ilikuwa na alama ya msalaba unayoisogeza pikseli moja moja kwa vishale, na hata bila hiyo, kidole hukosea leo kushoto kesho kulia. Ukisoma mara kumi, makosa ya kidole yanakulana. Nusu hatua iliyopotea hukosea upande mmoja daima, usome mara kumi au mara elfu.

Sheria yetu inajua kwamba ramani hizi ni za kukadiria. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema ramani inaonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale ambapo imeandikwa kwenye rejista kwamba mpaka umewekwa rasmi. Mzee ananikumbusha hilo kila tukikutana. Ni sawa. Ila wino ulikadiria wakati wa kuchorwa, karatasi ikanyauka kidogo kabatini, skana ikaongeza lake. Programu isiongeze la nne.

Basi nikaandika fanksheni upya, zote, faili moja, na pande zote mbili zikaitumia hiyo hiyo. Nitapitia chache zenye mtego.

Kuzidisha. Nambari mbili za 16.16 zikizidishwa, jibu lina senti za senti, kwa hiyo unalisukuma kulia biti 16. Shida ni kwamba kabla ya kulisukuma halitoshi katika biti 32. Mbili na robo tatu mara moja na nusu ni 180224 × 98304, yaani 17,716,740,096, wakati biti 32 zinaishia bilioni 2 na kidogo. Zidisha kwa biti 64, kisha sukuma, upate 270336, ambayo ni 4.125. Prosesa za ARM zimekuwa na amri ya kufanya hivyo, SMULL, tangu miaka ya tisini. Hakuna sababu ya ubahili hapa.

Sakafu. Ukitaka pikseli nzima, sukuma kulia. Usigawanye kwa 65536. Upande wa chanya majibu ni sawa. Upande wa hasi, robo chini ya sifuri ni -16384. Ukiisukuma kulia unapata -1, ambalo ndilo jibu sahihi. Ukiigawanya katika C unapata 0, kwa sababu mgawanyo unakata kuelekea sifuri. Matokeo yake kiraka cha 0 kinakuwa na upana maradufu, na ramani ikivutwa kuvuka ukingo wa kushoto inaruka kidogo kama gari likipita tuta. (Kwa haki, kiwango cha C kinamwachia mtengenezaji wa kompaila aamue kusukuma nambari hasi kunafanya nini, C++ ilimaliza ubishi huo mwaka 2020. Java haikuwahi kuwa na ubishi, ina >> na >>>, chagua.)

Kuchanganya. Ukikuza ramani kupita ukubwa wake, unachukua pikseli nne za jirani na kuzichanganya kulingana na sehemu. Hapa kuna hesabu moja tamu sana niliyoikuta kwa Skia. Wanachukua biti 4 tu za sehemu, yaani hatua 16. Uzito wa pikseli nne ni (16-x)(16-y), x(16-y), (16-x)y na xy, na ukiujumlisha, x na y ziwe zipi, unapata 256 kamili. Rangi kubwa kabisa ni 255, na 255 mara 256 ni 65,280, inatosha katika biti 16. Kwa hiyo unaweza kubeba rangi mbili ndani ya neno moja la biti 32, ukazidisha zote kwa mkupuo, na hakuna inayomwagikia mwenzake. Nilipoielewa mara ya kwanza nilisimama nikaenda kuchemsha chai. Kumbuka tu kwamba ukichanganya, unatoa nusu pikseli kwenye u, kwa sababu sasa unapima kutoka katikati ya kiraka hadi katikati ya jirani yake. Nusu pikseli tena.

Na ukipunguza ramani mara kumi na tatu, kuchanganya nne hakutoshi. Mstari wa mpaka wa wino wenye unene wa robo milimita ni pikseli 6 hivi kwenye skani ile. Ukiruka 13 kwa 13 unaweza kuuruka mzima, na mpaka ukatoweka kati ya mashamba mawili. Ni hatari kuliko futi mbili. Nilitengeneza nakala ndogo zaidi na zaidi, kila moja nusu ya iliyotangulia, kwa wastani wa pikseli nne nne, na kuchota kutoka ile iliyo karibu.

Mkusanyiko. Hatua ikigawanywa inakatwa, na mkato huo, mdogo kuliko 1/65,536 ya pikseli, unajirudia kila unapojumlisha. Kwa skrini ya 1,280 hauwezi kufika hata 1/51 ya pikseli. Kwa kuchapisha karatasi nzima, hatua 16,535, unaweza kukaribia robo. Mkato mdogo unaojumlishwa bila kuangaliwa una historia mbaya. Tarehe 25 Februari 1991, kule Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa makombora wa Patriot ulikuwa umewashwa kwa saa 100 hivi mfululizo. Ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde katika rejista ya biti 24, na moja ya kumi haiandikiki kamili kwa biti. Saa yake ilikuwa imepotea kwa sekunde 0.34. Kombora la Scud halikuzuiwa, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Ramani haiui hivyo, angalau si moja kwa moja. Dawa kwangu ilikuwa nyepesi: nachora kwa vigae vya pikseli 256, na kila kigae kinaanza u yake upya kwa kuzidisha katika biti 64, si kwa kuendeleza jumla ya jirani. Mkato haupiti 1/256 kabla ya kufutwa. Na kwa kuwa kigae kinaanzia sifuri yake chenyewe, ule ukuta wa 32,767 nao ukahama kutoka kwenye picha nzima hadi kwenye kigae, ambako hakuna anayeufikia.

Swali ninaloulizwa na vijana kazini ni mbona nisitumie float, simu zote siku hizi zinaiweza. Zinaiweza, na kwa kazi nyingi naitumia. Lakini float ya biti 32 ina biti 24 za tarakimu, basi. Kadiri nambari inavyokua, biti zinaliwa na sehemu nzima. Ukiwa kwenye pikseli ya 3 una usahihi wa ajabu. Ukiwa kwenye pikseli ya 16,535, hatua ndogo kabisa unayoweza kupiga ni 1/512. Kwa 16.16 ni 1/65,536 hapo na kila mahali. Yaani kwa float shamba lililo kushoto mwa ramani linapimwa kwa rula nzuri, na la kulia kwa rula butu, na hakuna anayeambiwa. Kwa nukta tuli wote wana rula moja. Hata kadi za michoro zenyewe, ambazo ndizo mabingwa wa float, zikifika kwenye kuchanganya pikseli zinarudi huku kwetu: mwongozo wa CUDA wa NVIDIA unasema uzito wa kuchanganya huwekwa katika nukta tuli yenye biti 8 za sehemu.

Programu ya mzee sasa inasoma bikoni zile mbili sawa, akiwa karibu au akiwa mbali, ndani ya pikseli moja. Aliijaribu kwa siku tatu kwa mkanda, hakuniamini, na alikuwa sawa kutoniamini. Ua ulihamishwa kidogo, si futi mbili, na si upande ambao yule ndugu alitarajia. Kwenye faili langu nimebakisha kubana na kuchanganya. Fanksheni za kurudia picha na kuigeuza kama kioo nimezifuta, nzuri kama zilivyokuwa. Shamba la mtu halirudiwi likifika ukingoni. Kilichobaki ni karatasi za zamani zilizopinda kabatini, ambazo hazihitaji hatua moja bali hatua inayobadilika kila safu, na hizo bado zinanishughulisha.